Mkaguzi aliyekataa kupanda ngazi: uzoefu wangu kabla ya kununua nyumba ya zamani kijijini

Hasira hii ninayo tangu kabla ya masika, na nimeamua kuiandika sasa hivi, maana nikipoa nitaanza kumtetea.

Kama unataka kununua nyumba ya zamani kijijini, hasa hizi za mawe na chokaa za pwani yetu, na watu wamekushauri utafute mhandisi aikague kwanza, wamekushauri vizuri. Mtafute. Ila kabla hujamtumia hata shilingi, muulize: utapanda juu? Utaiona dari kwa macho yako? Akisitasita, tafuta mwingine. Mimi sikuuliza. Nililipa laki sita, nauli na chakula juu yangu, nikaletewa ripoti ya kurasa kumi na nne yenye picha za kuta nilizokwisha kuziona mwenyewe.

Nyumba yenyewe iko kijiji kimoja upande wa Pangani. Mama yangu alizaliwa pale, akaolewa mbali, na sasa uzee umemrudisha moyo kwao. Kila tukipita alikuwa akiitazama ile nyumba mpaka gari ipinde kona. Ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, baraza mbele, mlango wa mbao nzito ambao sikuhizi hupati mtu wa kukuchongea. Vyumba vyake ni vyembamba kama ilivyo kwa nyumba zote za aina ile, kwa sababu aliyepima upana ni boriti. Mti wa mkoko haukuvuka mita tatu, na chumba nacho kikaishia hapo. Juu ya boriti yamepangwa mawe, juu ya mawe ikamwagwa chokaa ikapondwa mpaka ikawa kitu kimoja. Baadaye sana ndipo watu wakaongeza paa la bati juu yake.

Ukielewa hilo utaelewa kwa nini nina hasira. Uzito wote ule wa mawe na chokaa umekaa juu ya vichwa vya watu, na kinachoushika ni miti tu, nayo miti imeshikwa na ukuta kwenye ncha zake mbili. Bati likivuja, maji hunyonywa na chokaa, yanashuka taratibu mpaka ncha ya boriti iliyojificha ukutani, mahali ambapo hapaoni jua wala upepo. Katikati mti unaweza kuwa mzima kabisa, huku ncha imeoza. Na mchwa wanaanzia hapohapo penye unyevu.

Sasa warithi wa nyumba ile walikuwa wameweka dari ya jipsamu chini ya boriti, mpya, nyeupe, vyumba vyote vitatu vya mbele. Mama aliipenda. Mimi ilinitia wasiwasi. Nyumba yenye umri ule, choo chake kimebomoka, madirisha hayafungi, halafu mtu anaanza na kuweka jipsamu?

Nikatafuta wakaguzi mjini. Sitaitaja kampuni. Nilihakiki kama mhandisi wao yumo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na yumo. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanachanganya. Kuna jamaa yangu aliniambia nisihangaike, kwani mthamini alishapita. Mthamini anakupa bei. Hakwambii kama nyumba itakuangukia.

Mhandisi alifika karibu na saa sita, wakati tulikubaliana saa tatu. Hilo nalisamehe, barabara ile naijua. Kijana mtanashati, viatu vyake havikutaka vumbi. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili yake, akala, akasifu, akaongezwa.

Niwe mkweli, kazi ya chini aliifanya. Alizunguka nje na timazi, akapima pembe za kuta. Kulikuwa na ufa mrefu upande wa jikoni ambao ulikuwa ukininyima usingizi. Akaupanua kwa ncha ya kalamu na kunionyesha ndani: vumbi la miaka, utando wa buibui, na rangi ya zamani imeingia humo. Akaniambia huu ni wa zamani na umeshatulia, ufa mpya kingo zake huwa safi na kali. Akasema nikitaka uhakika nibandike kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kikivunjika nijue ukuta bado unatembea. Nilibandika. Mpaka leo kioo kizima.

Kisha akainama chini ya dirisha, akakwangua lipu kwa ufunguo. Ikadondoka kama magamba, na nyuma yake kulikuwa na chumvi nyeupe, laini kama unga wa sembe. Akaeleza vizuri tu kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unanyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani. Mtu alipokuja kuupiga lipu ya saruji, akaufunga pumzi. Maji yakapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi ikabaki ikila jiwe. Ushauri wake ulikuwa tutoe saruji yote, turudishie chokaa. Hapo nilimwona mtu anayejua kazi, na nikajisemea laki sita zangu zimefika pazuri.

Ndipo nikamwomba aangalie dari.

Akainua uso, akatazama jipsamu kwa sekunde chache, akapiga picha mbili. Akasema iko sawa. Nikamwambia si hii, nataka boriti zilizo juu yake. Akasema hana ngazi. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa amekaa barazani anasikia, akainuka bila kutumwa, akarudi na ngazi ya kuangulia maembe, ngazi imara ya mti. Akaiegemeza ukutani, akaishika kwa mikono miwili, akasubiri.

Mhandisi akaitazama ile ngazi, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ambayo baraza zima ilisikia: "Dada yangu, mimi ni mhandisi. Sikusoma miaka minne ili nije kupanda ngazi ya maembe. Mimi nakagua kinachoonekana."

Pale barazani walikuwepo wajomba zangu, majirani, na watu wa ile familia inayouza. Kimya kikaingia. Yule kijana akabaki ameshika ngazi yake, hajui airudishe au aiache. Mimi nilikuwa na la kusema, nilikuwa nalo mengi, lakini mama akanishika mkono. "Mwanangu, mgeni halazimishwi." Nikanyamaza. Alipoondoka mama alimfungia na vitumbua.

Miezi imepita na bado naisikia ile sauti. Wala si kwa sababu alinijibu vibaya, nimejibiwa vibaya na wengi. Ni kwa sababu kile alichokataa kukitazama ndicho kilichokuwa kimemleta. Msingi wa nyumba ile ungeweza kuchekiwa na fundi yeyote wa kijijini. Mimi nilimlipa mtu wa mjini ili anitoe wasiwasi wa juu ya kichwa cha mama yangu, na yeye akaona aibu ya ngazi.

Ripoti ikaja baada ya wiki moja hivi, kwenye simu, kurasa kumi na nne za Kiingereza. Nilizipitia usiku. Maneno mengi ya huenda na inaonekana. Mwisho wake palikuwa na muhtasari kwamba nyumba iko katika hali ya kuridhisha kwa umri wake. Nikashika hilo. Nikatoa malipo ya awali, tukapanga kwenda kuandikishana kwenye ofisi ya serikali ya kijiji baada ya sala ya Ijumaa, mwenyekiti na mtendaji wakiwepo.

Jumatano yake mjomba alileta mzee mmoja fundi wa chokaa, aje anipe bei ya kutoa ile lipu ya saruji. Mzee amekunja mgongo, kanzu imefungwa kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaingia ndani. Hakuangalia ukuta kwanza. Alisimama katikati ya chumba cha kulala, kile ambacho mama alishakichagua, akanusa. Akauliza, "Hii dari nyeupe nani kaiweka?" Nikamwambia wenyewe. Akaomba ngazi.

Ngazi ilikuwa ileile. Mzee wa umri ule akapanda, akagonga jipsamu kwa kifundo cha kidole pembe mpaka pembe, kisha akakata tundu la ukubwa wa sinia upande wa magharibi, ule unaopigwa na mvua. Akaniita nipande na mimi. Nikapanda na tochi ya simu.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza, harufu ya mtungi uliosahaulika na maji ndani. Kisha nikaona. Boriti ya kwanza ilikuwa nyekundu-nyeusi, ngumu, imenyooka, ukitazama katikati yake ungeapa itaishi miaka mia nyingine. Mzee akasogeza tochi mpaka inapoingia ukutani, akachukua bisibisi, akaichomeka. Hakusukuma. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye boga lililopikwa. Alipoichomoa, unga mweusi uliolowana ukamwagika mkononi mwake, na mchwa wawili watatu wakatembea juu ya kiganja chake. Boriti ile ilikuwa imeshikwa na lipu tu. Akaenda ya pili, ya tatu. Kati ya kumi na moja za chumba kile, nne zilikuwa hivyo, zimefuatana.

Nilishuka miguu inatetemeka. Chini ya zile nne ndipo mama alipokuwa amepima kitanda chake kitakaa.

Nilimwaza mama, nikaikumbuka na Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, jengo lililosimama tangu 1883, jengo la sultani, na Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, watu wakafa. Lile lilikuwa na wataalamu na ukarabati ukiendelea. Sisi huku tungekuwa na nani?

Nikampigia mhandisi. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe mrefu, wa hasira, sikatai. Nikamtumia na picha ya bisibisi. Alijibu saa mbili baadaye kwa maneno manne: "Soma ukurasa wa 9."

Nikausoma. Katikati ya aya juu ya madirisha, kwa herufi zilezile ndogo, kulikuwa na mistari miwili. Ukiitia Kiswahili inasema kwamba boriti za dari hazikukaguliwa kwa kuwa zimefunikwa, na inashauriwa zifunguliwe kabla ya kununua.

Kwa hiyo aliandika. Lazima niliseme hili, kwa sababu nisiposema nitakuwa namsingizia. Aliandika ukweli na ushauri ulikuwa sahihi, na ningeusoma vizuri usiku ule nisingetoa malipo ya awali. Nilipouonyesha kwa warithi walishindwa kubisha, tukakaa nao upya, na bei ikashuka milioni tatu. Ukipiga hesabu, laki sita zimerudi mara tano. Mume wangu ananiambia basi ukaguzi umetusaidia, tuliza moyo.

Siwezi kuutuliza. Kama aliyajua hayo, alishindwaje kunitamkia pale pale barazani? "Dada, boriti sijaziona, usinunue mpaka zifunguliwe." Sentensi moja ya Kiswahili, mbele ya wauzaji wenyewe, na mama yangu anaelewa. Badala yake akasema iko sawa, kwa mdomo wake, mama akasikia. Ukweli akauweka mahali pa kumlinda yeye, siku nyumba ikianguka awe na ukurasa wa kuonyesha. Na mwishoni akaandika hali ya kuridhisha. Mtu ambaye hajaiona dari anaridhika na nini?

Tumenunua. Najua kuna watakaonishangaa. Lakini kuta ni nzima, ardhi ni ya kwao mama, na mzee fundi amesema nyumba ya chokaa inaugua lakini haiko taabani. Jipsamu yote tumeitoa. Boriti mpya zimechukua muda, kwa sababu mikoko ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali, na sikutaka za magendo kwenye nyumba ya mama. Ncha zake mzee amezipaka na kuziachia nafasi ya hewa ukutani. Bati la upande wa magharibi tumebadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Chokaa imelowekwa kwenye pipa nyuma ya nyumba, na mzee hataki iguswe mpaka aseme yeye.

Nilianza kuandika nikiwa nimeamua kumpa nyota moja. Nilipofika kwenye ule ufa wa jikoni na ile chumvi nikasema mbili, labda tatu, kwa sababu vile alivyonieleza bado navitumia. Jana nikamwandikia tena, safari hii kwa adabu, nikaomba anirudishie hata nusu ya pesa, kwa sehemu ya nyumba ambayo hakuikagua. Amejibu kwamba ripoti ilishapokelewa na kazi imefungwa.

Nyota moja. Na yule kijana wa ngazi, mama amemwambia mwembe wa uani ni wake msimu ukifika.