Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam kwa ndege: uzoefu wangu nikiwa na mama

Mwezi Julai nilisafiri kwa ndege kutoka Songwe kwenda Dar es Salaam nikimsindikiza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, aliyekuwa na miadi na daktari saa nane mchana siku hiyohiyo. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 800, na magoti yake hayastahimili tena kukaa kuanzia alfajiri hadi usiku, tupite Makambako, tuteremke Kitonga, ndipo tufike. Ndiyo maana nauli ya ndege niliilipa kwa moyo mmoja.

Tulitoka Uyole kukiwa bado giza. Tulipopita Mbalizi ukungu ulikuwa umetanda kiasi kwamba taa za malori yanayokwenda Tunduma zilionekana tu yanapotukaribia. Ukungu huu unafahamika tangu uwanja wa Songwe uanze kutumika Desemba 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini Mbeya, na hakuna shirika linaloweza kulaumiwa kwa rubani kukataa kutua asipoiona njia. Silalamikii hilo hata kidogo.

Ninacholalamikia ni ukimya. Saa ya kuondoka ilifika ikapita, na kwa muda wa karibu saa nne hatukutangaziwa lolote. Habari kwamba ndege yetu ilizunguka juu yetu kisha ikarudi Dar es Salaam tuliipata kwa abiria mwenzetu, aliyepigiwa simu na ndugu yake. Nilipokwenda kaunta kuuliza kama ningeweza kubadilisha tiketi, kijana aliyekuwepo, mpole na mwenye adabu, alinijibu kwamba naye anasubiri kuelezwa. Mama alikuwa ameshika bahasha ya vipimo vyake mapajani muda wote huo, na kila mara aliniuliza, "Mwanangu, wamesemaje?" Sikuwa na jibu. Hata chai tulijinunulia wenyewe.

Ndani ya ndege huduma ilikuwa nzuri sana. Mhudumu alimwamkia mama, akachuchumaa kando ya kiti chake, akamfunga mkanda na kumweleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini masikio yangeziba wakati wa kushuka. Kiti cha magurudumu nilichokuwa nimekiomba wakati wa kukata tiketi tulikikuta kinatusubiri chini ya ngazi, na mizigo yetu ilifika salama.

Nitalitumia shirika hili tena, lakini naliomba litume ujumbe mfupi kwa abiria kila ratiba inapobadilika, na mtumishi wa kaunta apewe mamlaka ya kubadilisha tiketi hapohapo. Kwa anayetoka Mbeya kati ya Juni na Agosti akiwa na miadi ya hospitali, namshauri asafiri siku moja kabla. Sisi tulifika saa kumi jioni, daktari ameshaondoka, tukalala kwa shangazi Tabata hadi kesho yake.