TAHADHARI: Kuna tapeli anauza plastiki kwa jina la akina mama wa Kimasai wa Longido

Naomba usome mpaka mwisho, kisha umtumie yeyote anayetafuta zawadi za harusi au za kupelekea wageni wa nje. Kuna mtu Instagram na WhatsApp anajitangaza kuwa ni wakala wa kikundi cha akina mama wa Kimasai wa Longido wanaotunga shanga. Kikundi hicho hakipo. Ni tapeli wa mjini, mzigo anautoa Kariakoo, na mimi kanipiga Sh 480,000.

Mnaonifahamu mnajua shughuli ya harusi ya mdogo wangu ilivyotuendesha tangu Pasaka, sina haja ya kurudia, na mnajua baba alivyosema wakwe wa Ujerumani wasiondoke mikono mitupu. Wazo la kununua kwa akina mama wenyewe lilikuwa langu na bado nalisimamia. Ukinunua dukani, faida kubwa inaishia kwa mtu wa kati, na yeyo (ndiyo mama kwa Kimaa) aliyeinama kutwa nzima na sindano anaambulia vijisenti. Ukame wa 2022 ulipoua mifugo Longido na Simanjiro, wako akina mama ambao kipato kilichobaki mkononi mwao kilikuwa shanga. Hao ndio niliotaka wapate hela yetu.

Na msiniambie nilikurupuka. Nimekulia Arusha, Sanawari, shanga nimeziona tangu niko chekechea. Huyu mtu nilimhoji. Nilimuuliza rangi zina maana gani, akajibu bila kusita: nyekundu ushujaa, nyeupe maziwa, bluu anga, kijani majani ya malisho. Nikamuuliza shanga ni za aina gani, akasema za kioo, zile za kutoka Czech, kwamba akina mama wake hawagusi plastiki kabisa. Hilo ni jibu la mtu anayeijua kazi. Ukurasa wake una picha za akina mama wamekaa chini ya mgunga, miguu imenyooshwa, vitambaa vya shanga mapajani. Wafuasi wengi, komenti nzuri nzuri, watu wanashukuru.

Kilichonimaliza ni ile sauti. Usiku nikiwa bado nasitasita, akanitumia sauti ya mama mtu mzima. "Takwenya!", ile salamu ya Kimaa kwa wanawake. Nyuma yake unasikia kengele za ng'ombe na mtoto analia. Mama anaongea Kimaa, halafu Kiswahili cha kuvunjika, anasema anamshukuru dada wa Dar, Mungu ambariki, hela hii italipa ada ya mjukuu wake. Nikaitikia "Iko" peke yangu chumbani, machozi yananilenga. Asubuhi nikatuma nusu. Nani asingetuma? Nimewachezea sauti hiyo watu wazima, nimemchezea hata jirani yetu Mmasai, akasema Kimaa chenyewe ni cha kweli. Sasa huyo mama ni nani, sauti aliiba wapi, au naye yumo, sijui, na ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nilikuwa nimeagiza mkufu mpana wa shingoni wa mama mkwe wa mdogo wangu, mikanda, sahani za shanga za mezani, na bangili zilizotungwa majina ya familia nzima ya shemeji. Nusu ya pili akaitaka kabla ya mzigo kupanda basi. Nikatuma. Mzigo ukafika asubuhi ya siku yenyewe, umefungwa karatasi ya zawadi na utepe, vizuri kabisa, na ujumbe: "Dada nimekufungia mwenyewe, usifungue utaharibu, waache wageni wafungue." Bangili za majina akasema zinakuja na mzigo wa pili, yeyo anamalizia herufi.

Jamani. Wageni wameshakaa, pilau imeshapakuliwa, mama anasimama na ule mkufu, anamvalisha mkwe wake mbele ya ukoo mzima. Vigelegele. Mnalijua joto la Dar la saa nane mchana. Mama wa watu kavaa gauni jeupe la kitani. Hajamaliza hata sahani, akachukua tishu ajifute jasho shingoni, tishu ikatoka nyekundu. Shangazi akapiga kelele, "Damu!" Watu wakasimama. Shemeji akamkimbilia mama yake akidhani kajikata na waya. Tunamwangalia shingo, hakuna kidonda. Ni rangi. Rangi nyekundu inachuruzika na jasho, imeingia kwenye kola ya gauni, imeshuka mpaka kifuani. Katika kumvua, uzi ukakatika, shanga zikamwagika chini ya meza zote.

Bibi akaokota moja, akaibana kwa meno. Ikabonyea. Akaiweka juu ya meza mbele yangu bila kusema neno. Nilipoiangalia karibu niliona ule mstari wa katikati ambapo vipande viwili vya plastiki vimegandishwa kwenye kalibu, na ile nyekundu imepakwa juu tu, ndani ni nyeupe kama kifungo cha shati. Tukafungua zawadi nyingine palepale jikoni. Sahani zote zinafanana mpaka kosa: shanga moja ya kijani iliyokaa pasipo pake, palepale, kwenye kila sahani. Mkono wa mtu hauwezi kufanya hivyo.

Mama mkwe akatabasamu, akasema haina shida. Baba yangu hakuinua macho. Mama hajaongea na mimi vizuri mpaka leo, na mdogo wangu alilia chooni siku yake ya furaha. Huyu mtu angeniibia hela na kuishia, ningemwachia Mungu. Lakini ametuaibisha mbele ya wakwe.

Nikampigia. Simu inaita, haipokelewi. Nikamtumia picha ya gauni. Alama mbili za bluu, kisha kanibloki. Kwa namba ya shangazi alipokea, akasikia sauti yangu, akakata. Nikampigia kijana wa boda aliyeleta mzigo, maana namba yake ilibaki kwenye simu. Akaniambia, "Dada, mimi mzigo nilipewa Kariakoo, Mtaa wa Kongo." Basi la kutoka Longido halikuwepo.

Zile picha nilizitafuta mpaka nikapata zilikotoka. Ni za kikundi cha kweli cha akina mama wa upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Namanga. Nikawaandikia, wakajibu kwa upole mno. Wanasema wameshatukanwa na wateja wasiowajua, wanaambiwa wezi, na mteja mmoja wa Ulaya aliyekuwa anachukua mzigo kwao mara kwa mara kaacha baada ya kuuziwa plastiki na mtu aliyetumia sura zao. Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda mpaka nikashindwa kula. Yule mama kwenye picha, na sura yake na mikono yake, anatangazia plastiki asiyoijua, na soko analokosa ni lake.

Najua kuna atakayesema hata shanga za kweli zinatoka nje. Ndiyo, zinatoka nje, kioo cha Bohemia kimeuzwa Afrika Mashariki tangu zamani za misafara. Ila kazi, mpangilio, na macho yanayojua nyeupe ikae wapi ni vya yeyo. Huyu hajauza hata hicho.

Dalili ninazoziona sasa: kila nikiomba video anasema huku maboma hakuna mtandao, lakini WhatsApp anajibu saa sita usiku ndani ya sekunde. Jina lililotokea wakati wa kutuma hela lilikuwa la kiume, akasema ni mtoto wa yeyo, mama hana simu. Lipa Namba hana. Zile komenti nzuri, ukifungua waandikaji, kurasa zao hazina hata picha moja. Na yule anayekuzuia usifungue mzigo, ufungue mbele ya boda. Shanga ya kioo ni nzito mkononi, ukiigusisha shavuni ni ya baridi, ukiigonga kwenye jino inalia. Plastiki haina kitu.

Mengine nitaongeza nikitulia, sasa hivi mikono inatetemeka.

RB ya polisi ninayo. Ujumbe wa miamala ninao, sauti ninayo, gauni la mkwe tumelihifadhi. Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Mtandao wa simu wananiambia hela ilitolewa dakika chache baada ya kuingia. Sheria ya Makosa ya Mtandao iko tangu 2015, nataka itumike kwa huyu. Nataka akae ndani. Nataka asimamishwe mbele ya hao akina mama ambao anakula kwa sura zao, awaeleze kwa Kimaa chake cha kununua. Na wanaomuuzia ule mzigo huku wanajua anaenda kuubandika jina la Longido, nao wafuatwe.

Jina la ukurasa siliweki hapa kwa sababu askari anayeshughulikia kaniomba nisubiri, na isitoshe ameshalibadilisha. Njoo inboksi nitakutajia. Aliyepigwa kama mimi asifute chochote, aje na ujumbe wa muamala tuunganishe kesi, maana pale kituoni wanasema kesi ya mlalamikaji mmoja ni nyepesi. Mwenye namba yake mpya anitumie leo, kabla hajahama tena.