Viza ya Malta: nilinyimwa mara ya kwanza, nikapewa ya pili

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi Reading, Uingereza, na pasipoti yangu ni ya Tanzania. Mwaka 2025 nilitaka kumpeleka mwanangu wa miaka 7 akamwone mama yake mdogo, muuguzi aliyehamia Malta. Kutoka London ni saa tatu na kidogo tu kwa ndege, ndiyo maana wengi huku tunadhani ni safari ya kufunga begi na kuondoka. Sivyo. Kibali cha kuishi Uingereza hakikufikishi Malta. Malta imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004 na katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja bila ukaguzi wa mipakani kati yao, tangu Desemba 2007, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya au Mganda anaomba viza ya Schengen hata kama ameishi London miaka kumi.

Mara ya kwanza nilimlipa wakala. Nilikuwa na zamu nyingi, nikaona anipunguzie kazi. Kosa lilianzia hapo. Nilimweleza kwamba tutafikia kwa mdogo wangu. Akasema undugu ni mgumu kuuthibitisha, tuandike hoteli. Akanitolea karatasi ya hoteli ya Sliema, mji wa huko Malta, na baadaye nikagundua ilifutwa siku chache tu baada ya kuwasilisha maombi. Kumbe ndani ya faili lilelile ilibaki barua ya mdogo wangu akisema atatupokea nyumbani kwake. Faili moja, makazi mawili.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Ni fomu yenye sababu zilizopangwa na alama ya vema imewekwa kwenye moja: maelezo kuhusu lengo na mazingira ya safari hayaaminiki. Nililia, nakiri. Ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, hairudishwi ukinyimwa, wala ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Kilichoniuma zaidi kuliko pesa ni kuonekana mwongo, wakati sikuwa na sababu yoyote ya kudanganya.

Ukinyimwa una haki ya kukata rufaa, na fomu yenyewe inaeleza pa kuipeleka. Unaweza pia kuomba upya wakati wowote, ila ujue kumbukumbu za ombi la kwanza hubaki kwenye mfumo wao wa viza kwa miaka mitano. Mimi niliomba upya, safari hii peke yangu, nikakaa na kila karatasi mpaka nikaielewa.

Sasa hapa ndipo penye somo kwa sisi Waswahili. Huyu ninayemwita mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja, tumekula sinia moja, na Tanga hakuna atakayeniuliza zaidi ya hapo. Lakini kwenye fomu ya ombi la kwanza niliandika kwamba ni dada yangu wa damu, na vyeti vya kuzaliwa vinaonyesha baba tofauti, mama tofauti, na majina ya ukoo yasiyofanana hata herufi. Ofisa aliyeko mezani hajui mama mdogo ni nani kwetu. Anaona wanawake wawili wasiohusiana.

Mara ya pili niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nikasema wazi: ni binamu yangu, mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, tumekua pamoja, ndiyo maana ninamwita mdogo wangu. Nikaambatanisha vyeti vyetu vyote viwili vya kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, vyenye majina ya mama zetu, pamoja na kiapo cha undugu ambacho mama yangu alikwenda kuapa kwa wakili pale Tanga. Kwenye barua hiyohiyo nikataja kwamba nilinyimwa mwezi Mei, nikaeleza habari ya hoteli bila kujitetea. Mdogo wangu naye akatuma barua mpya ya mwaliko, nakala ya kadi yake ya ukaazi na mkataba wa nyumba anayopanga Msida, mji mwingine wa Malta.

Karatasi nyingine ni zile za kawaida, ila kila moja ina mtego wake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Bima ya safari ifike euro 30,000 na ifanye kazi eneo zima la Schengen, ikiwamo gharama ya kurudishwa ukiugua. Taarifa ya benki nilitoa ya miezi mitatu pamoja na hati za mshahara za miezi hiyohiyo, ili kila pesa inayoingia ijieleze. Msikope pesa kwa jamaa mkazijaza kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Inaonekana papo hapo. Kwa tunaoishi Uingereza, zile kadi za ukaazi zilifikia mwisho 2024 na sasa hali yetu ya ukaazi iko mtandaoni, kwa hiyo chapisha uthibitisho wenyewe uutie kwenye faili. Kwa mwanangu nilihitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba yake aliyeko Dar. Mwanangu hakuchukuliwa alama za vidole kwa kuwa hajafika miaka 12. Mimi nilichukuliwa, na hutumika tena kwa maombi yajayo ndani ya miezi 59.

Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Sheria inawapa siku 15 za kuamua, na zinaweza kufika 45. Langu la pili lilijibiwa kwa siku 11.

Ukishapata stika ya viza kwenye pasipoti, isome kwa utulivu. Yangu ilikuwa na tarehe za mwanzo na mwisho zilizopishana mwezi mzima, lakini sehemu ya siku iliandikwa 15. Zile tarehe ni dirisha la kusafiria, siku za ziada zimewekwa ndege ikiahirishwa. Ruhusa ya kukaa ni siku 15 tu, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Namjua mtu aliyefuata tarehe ya mwisho badala ya idadi ya siku, akapata matatizo uwanjani wakati wa kuondoka. Hata mwenye viza ndefu hazidishi siku 90 ndani ya kila 180.

Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Kwa hiyo kisiwa cha Gozo tulikwenda na kivuko bila ukaguzi, maana ni Malta ileile, na Sicily, kisiwa cha Italia ambayo nayo imo Schengen, tungeweza kwenda vilevile. Kupro ingekuwa shida: iko Umoja wa Ulaya ila kufikia safari yetu haikuwa ndani ya Schengen, na ningetoka Malta nisingeweza kurudi kwa viza ile.

Luqa, kwenye uwanja wa ndege wa Malta, ofisa aliuliza tunafikia kwa nani. Nikampa barua, akasoma, akamtazama mwanangu, akagonga muhuri. Siku mbili baadaye, kwenye duka la mikate Msida, muuzaji alikuwa akimhesabia bibi mmoja chenji yake: ħamsin, sittin, sebgħin. Mwanangu akanivuta gauni: "Mama, anahesabu Kiswahili!" Kimalta kina asili ya Kiarabu, na tarakimu hizo sisi pia tulizipata huko. Tisini wao huita disgħin.

Kwa mchakato wa mara ya pili natoa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ile fomu ya kukataa haikueleza ni karatasi gani iliyoharibu.

Wadogo zangu wengi wa nyumbani wananiandikia wakiuliza kama wanaweza kuingia kwa viza hii wakatafute kazi. Tafadhali, msimlipe mtu anayewaahidi hivyo. Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Mdogo wangu aliitwa kwanza na mwajiri, karatasi za kibali cha kazi na ukaazi zikaanzia kwa mwajiri huyo, na yeye alipanda ndege akiwa na viza ya muda mrefu tayari kwenye pasipoti.