Helmeti ya uso mzima kwa mbio za mteremko: uzoefu wangu

Ninayoitumia ni helmeti ya skeitibodi ya uso mzima: gamba la faibaglasi, foamu ngumu ya EPS ndani, kioo cha kufungua na kufunga, mkanda wa pete mbili za chuma, uzito unaokaribia kilo moja. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwa sababu ya kioo, nitafika huko.

Nilichokipenda kwanza ni inavyokaa mtu akijikunja. Dukani karibu kila mtu huvaa helmeti akiwa wima, anajitazama, analipa. Mbioni hakuna anayesimama wima. Kifua kinalala juu ya paja, mikono iko mgongoni, shingo imeinuliwa ili macho yaone mbele. Ukikaa hivyo unatazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo, na hapo ndipo helmeti nyingi hufeli. Ama ukingo wa juu ya paji unakuficha barabara, ama ukingo wa nyuma unagota mgongoni na kuisukuma helmeti yote mbele mpaka ikuzibe macho. Suti ya ngozi yenye kinga ya mgongo huufanya ukingo huo ugote mapema zaidi. Kwa hiyo jaribu ukiwa na suti yako, jikunje dakika mbili nzima, tazama kitu kilicho mita 50 mbele, kisha geuza shingo kushoto na kulia uone kama unaweza kumwona anayekufuata.

Wapo wanaosema helmeti ya pikipiki inatosha. Ni imara, hilo silipingi. Lakini nyingi zina kilo 1.4 hadi 1.6 na zimeundwa kwa mtu aliyeketi wima. Shingo inachoka kabla mteremko haujaisha, na humsikii aliye nyuma anapopiga kelele kwamba anapita ndani ya kona.

Ikishakaa vizuri, igeuze usome lebo. CPSC 1203 ni kiwango cha helmeti za baiskeli cha CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa: helmeti huangushwa kutoka mita 2 juu ya chuma bapa, inagonga kwa mita 6.2 kwa sekunde, yaani kama kilomita 22 kwa saa, na mshtuko unaofika kichwani haupaswi kuvuka 300 g (g si gramu, ni mara ngapi ya mvutano wa dunia). EN 1078 ya Ulaya inahusu baiskeli, skeitibodi na viatu vya magurudumu. Kasi yake ni ndogo kidogo, mita 5.42 kwa sekunde, ila kikomo ni 250 g. ASTM F1492 ndiyo ya skeitibodi hasa, nayo hudai helmeti istahimili kugongwa zaidi ya mara moja, lakini kwa mapigo mepesi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachopima taya! Helmeti inaweza kufunika uso wote, ikabeba lebo ya EN 1078, na kile kipande cha mbele ya kidevu kisiwe kimejaribiwa kabisa. Kiwango kinachopima taya ni ASTM F1952, cha baiskeli za mteremko, na kwa mbio ndicho ninachokitafuta kwanza.

Kuhusu hizo kilomita 22, wanaoshuka kwa 80 huzicheka. Hiyo ni kasi ya kichwa kuelekea lami, si ya kusonga mbele. Kichwa cha anayeanguka kinatoka urefu ule ule, awe anakwenda 30 au 80. Kinachobadilisha hesabu ni kugonga kitu kilichosimama: mti, reli ya barabara, ukingo wa saruji. Huko lebo zote ni dhaifu.

Za bei nafuu zichunguze ndani. Bonyeza kwa kidole gumba. Ikibonyea kama godoro na nyuma yake hakuna foamu ngumu, hilo ni pambo tu.

Saizi: zungusha futi ya fundi cherehani sentimita 2 hivi juu ya nyusi, ipite kwenye uvimbe wa kisogo. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua ndogo, kwa kuwa sponji hulegea baada ya matumizi. Ivae dakika 20. Alama nyekundu katikati ya paji maana yake kichwa chako ni kirefu kuliko umbo la helmeti, na saizi kubwa haitatibu hilo. Tafuta muundo mwingine. Kisha funga mkanda na umwombe mtu aisukume kwa nguvu kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka nyusi, iache.

Mkanda hupita ndani ya pete zote mbili, unarudi juu ya pete ya nje na kupenya ya ndani peke yake, halafu unavutwa. Kile kibonyezo mwishoni hushika mkia usipeperuke tu. Nimeona watu wakikitegemea kama kufuli.

Sasa kioo. Kinashika ukungu ukisubiri mstarini, hasa asubuhi ya baridi. Kiache wazi kidole kimoja hadi mwito wa kuanza, na kifutie ndani tone la sabuni ya vyombo bila kuisuuza. Skrubu zake mbili hulegea kwa mtetemo, na zikilegea kioo huinuka chenyewe kwa upepo. Nazikaza kabla ya kila mteremko. Kioo cheusi usikitumie panapopita kivuli cha miti. Kisafishe kwa maji na kitambaa laini; petroli na dawa za vioo zenye amonia hukipasua nyufa nyembamba.

EPS humeza pigo kwa kupondeka, na ikishapondeka hairudi. Helmeti iliyopata pigo zito toa sponji utafute mpasuko au sehemu iliyobonyea, lakini hata usipoona kitu, ibadilishe. Usiiache ndani ya gari juani. CPSC hushauri kubadilisha baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa inayoloa jasho kila wiki mimi nafuata hiyo mitano. Ya zamani ikate mikanda kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa na kuvaliwa.