TAHADHARI: Simu na meseji za kitapeli hapa Dodoma, na sehemu hasa unapoibiwa

"Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Jina litatokea la shemeji."

Karibu kila mwenye laini ameshaipata meseji hii, na wengi huifuta bila kuifikiria. Tunaomba muisome tena. Aliyeituma hakujui wala hajui kama kuna hela unayopaswa kumtumia mtu. Anaitupa kwa mamia ya namba zinazofuatana, akijua kwamba kwenye kundi hilo hatakosekana mpangaji wa Nkuhungu aliyekuwa anajiandaa kulipa kodi, mzazi anayetaka kumtumia mwanafunzi wa UDOM hela ya chakula, au mnunuzi wa mahindi Kibaigwa aliyekubaliana bei ya gunia dakika kumi zilizopita. Kwa huyo mmoja, meseji imekuja saa yake.

Sasa angalieni sentensi ya pili, maana ndiyo inayoiba. Unapotuma pesa kwa simu, kabla muamala haujakamilika menyu inakuonyesha jina la unayemtumia. Hapo ndipo mtu hushtuka akaacha. Tapeli analijua hilo, na anajua litakalotokea ni jina geni, kwa hiyo anakuandaa mapema ulikubali: la shemeji, la wakala, la mke wangu. Ukiona meseji inakutajia jina litakalotokea, hiyo peke yake inatosha kuitilia shaka. Piga namba ya zamani uliyoihifadhi, usikie sauti ya mwenyewe. Usipige ile iliyotuma meseji. Namba ya zamani isipopatikana, hela ikae. Mwenye nyumba atasubiri hadi jioni.

Ya pili ni meseji ya pesa iliyokosewa. Inaingia meseji kwamba umepokea Sh 85,000, halafu inafuata simu ya mtu anayelia: ni ada ya mtoto, ni hela ya dawa, nimekosea namba moja, nirudishie. Kabla hujamhurumia, isome ile meseji taratibu. Angalia juu nani ameituma. Meseji halisi huja na jina la huduma yenyewe ya pesa, ya bandia mara nyingi huja na namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07. Kisha tafuta salio. Tapeli hawezi kujua una shilingi ngapi, kwa hiyo ama ameliacha kabisa ama ameweka tarakimu za kubuni ambazo haziendani na salio lako la asubuhi. Ila usiishie kwenye kusoma, kwa sababu wapo wanaoweza kuigiza hata jina la mtumaji. Funga meseji, ingia mwenyewe kwenye menyu (M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#) uangalie salio. Kama hela haipo pale, haipo.

Na kama ipo kweli? Hapa ndipo watu wema wanapoumia. Usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apige 100 kwenye mtandao wake, waurudishe muamala wao wenyewe. Ukiituma wewe, huo unahesabika kuwa muamala mpya uliouidhinisha kwa hiari yako, na yeye bado anaweza kupiga simu kudai ule wa kwanza urudishwe. Utakuwa umelipa mara mbili. Mkosaji wa kweli atakubali kupiga 100. Tapeli ataanza ukali: atakutishia polisi, atakwambia laini yako inafungwa.

Tukishaitaja 100, shikeni jambo moja. Huduma kwa wateja wa mitandao ya simu hapa nchini hukupigia kwa namba 100 tu. Anayejiita "ofisa wa mtandao" huku anatumia namba ya tarakimu kumi ni mwizi, hata kama ana jina lako kamili na anaongea kwa upole. Jina si ushahidi wa kitu chochote, kwa kuwa mtu yeyote huliona akianza kutuma pesa kwenye namba yako kisha akaghairi.

Mawakala wa pesa ndio wanaolengwa zaidi na simu za namna hii, kwa sababu wana floti, yaani salio la kufanyia kazi. Mtindo unaowamaliza ni huu. Anapiga asubuhi wateja wamejaa kibandani, anasema kamisheni imeongezwa na mashine inahitaji "kuhakikiwa". Anakuelekeza: ingia kwenye menyu, chagua moja, andika namba hii ya ofisi, sasa andika msimbo wa uhakiki, 4-8-7-5-0-0. Anazitaja tarakimu moja moja kwa makusudi, ili usisikie "laki nne na elfu themanini na saba na mia tano". Huo msimbo ndio kiasi cha pesa, na "namba ya ofisi" ndiyo anayopokelea. Unamaliza kwa kuweka namba yako ya siri mwenyewe. Hakuna programu iliyodukuliwa wala mtambo ulioharibika, ni vidole vyako vimetumika. Sheria ya kibanda iwe moja: hakuna kubonyeza menyu ya uwakala huku simu nyingine iko sikioni. Mwambie utampigia, ukate, upige 100 ukaulize.

Kuna nyingine inayoibia watu WhatsApp, na wengi hawaijui inavyofanya kazi. Unaambiwa upige nyota nyota 21 nyota, halafu namba fulani, halafu reli: **21*namba#. Wanasema ni ya kufungua bando la zawadi au kuzuia laini isifungwe. Kumbe ni amri ya kuhamisha simu zote zinazoingia kwako ziende kwa hiyo namba. Baada ya hapo tapeli anafungua WhatsApp yako kwenye simu yake na kuchagua kupigiwa badala ya kutumiwa meseji. Simu ya kumsomea namba sita za uthibitisho inaenda kwake. Dakika chache baadaye ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako na picha yako. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, piga *#21#. Kufuta uhamisho wote, piga ##002#. Kisha nenda WhatsApp, Mipangilio, Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita. Hata akipata zile sita za kwanza, atakwama hapo. Na zile sita zikija kwenye meseji bila wewe kuziomba, usimtumie mtu, hata akiwa kaka yako anayeziomba. Huenda si kaka yako, akaunti yake imeshachukuliwa.

Tusikae kimya kuhusu usajili wa laini mitaani, maana hapo ndipo silaha za matapeli zinapotengenezwa. Tangu 2020 laini haitumiki bila alama ya kidole na namba ya NIDA, kwa hiyo mwizi anahitaji kidole cha mtu mwingine. Anakipata chini ya mwavuli. Umeenda kusajili laini moja, msajili anakwambia "kidole hakijasoma, futa jasho, weka tena." Unaweka. Inasoma, lakini safari hii amesajili laini ya pili kwa jina lako, nayo inauzwa. Siku ikitumika kuibia mtu, jina linalotokea kwenye menyu ya aliyeibiwa ni lako, na polisi watakuja kwako. Kidole kikigoma, omba kuona kioo cha mashine kabla ya kurudia. Msajili akikataa kukuonyesha, ondoka uende kwenye duka la mtandao wenyewe. Halafu piga *106#, uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Namba usiyoijua ukiikuta, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waiondoe. Fanyeni hivyo hata kama laini yenu ni ya zamani.

Kwa Dodoma yetu kuna simu mbili zinazoota mizizi kutokana na mji wenyewe ulivyo. Moja ni ya ajira. Makao makuu yako hapa, Sekretarieti ya Ajira iko hapa, na vijana wanakuja kwa usaili kutoka kila mkoa. Baada ya usaili anapiga mtu: jina lako lipo mezani, tuma Sh 150,000 ya fomu lisiondolewe. Nafasi ya utumishi wa umma hailipiwi, si fomu, si usaili, si kupangiwa kituo. Nyingine ni ya viwanja: kiwanja chako cha Iyumbu au Nala kinafutwa leo saa kumi, lipia sasa hivi kwa namba hii ya afisa ardhi. Malipo ya serikali hufanyika kwa kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na ukiiingiza unaona jina la taasisi. Hayaingii kwenye laini ya mtu. Ukipigiwa, nenda ofisi za jiji na karatasi zako.

Kuna na ile ya mwanao kaanguka shuleni, yuko hospitali ya General, daktari anataka hela ya vipimo. Ni ya kikatili, na inafanya kazi kwa sababu mzazi hafikirii. Hifadhi leo namba za mkuu wa shule na matroni, mbili kwa uchache, ili siku hiyo uwe na wa kumuuliza.

Simu za nje zinazolia mara moja na kukatika, usizirudishie, utakatwa salio kwa bei ya kimataifa. Angalia mwanzo wa namba kwa makini: yetu ni +255, na +225 ni ya Ivory Coast. Usiku, kwenye kioo kidogo, zinafanana. Na programu za mikopo ya haraka: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na leseni. Ukiona inaomba kusoma majina yote kwenye simu yako, ujue hayo ndiyo watakayoyatumia kukudhalilisha siku ukichelewa.

Kama umeshatuma, dakika ndizo zinazoamua, maana pesa inatolewa kwa wakala mara moja. Piga 100 papo hapo kwenye mtandao uliotuma, sema umetapeliwa, taja kumbukumbu namba ya muamala iliyo kwenye meseji, waombe waizuie. Usifute meseji yoyote. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe kabla ya kufanya jambo lingine. Nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, urudi nayo kwenye duka la mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakulinda, hata kama ni Sh 20,000. Ile meseji ya tapeli itume kwenda 15040, utajibiwa utaje namba iliyokutumia, nayo ifanyiwe kazi. Hata ambaye hakuibiwa aitume. Namba moja ikifungwa mapema, kuna mtu Bahi au Manyoni hataipokea.

Laini ikipoteza mtandao ghafla wakati simu za wenzako hapo hapo zinashika, usingoje kesho. Huenda mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi yake. Azima simu, piga 100, waifunge.

Wazee wetu wa Kondoa na Mpwapwa wenye simu ndogo za vitochi hawatasoma haya. Wikiendi hii ukienda kuwasalimia, andika 100 na 15040 kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, ibandike kwa selotepu nyuma ya simu, na chini yake namba yako, ili wakiambiwa "bonyeza" wakupigie wewe kwanza.