Ngao za familia: kazi safi, ila soma majina kwanza

Tulikuwa na kashughuli ka kuzipongeza familia 4 za mtaani, tukaipanga Mei 15 maana ndo Siku ya Kimataifa ya Familia, mi nikapewa kazi ya kutafuta ngao, zile mbao za kuchongwa majina, nikaagiza kwa mafundi wa kuchonga. Kuchonga kwenyewe silalamiki, herufi zimekaa, mbao imepigwa polishi mpaka unajiona, na yule dada anayepokea oda ana lugha nzuri sana.

Sasa shida ikaja kwenye ngao ya mama mmoja anayelea wanawe 2 pamoja na wengine 2 wa malezi ya kambo, yaani si wa kumzaa ila amekabidhiwa awalee. Nilituma majina yote manne, ya kwanza tu. Wakachonga yale mawili ya kuzaa, halafu chini yake "na wengineo". Jamani, na wengineo! Eti nafasi haikutosha, wakati pembeni wamejaza maua matupu.

Nikarudi nayo nimevimba, ila kiukweli hawakubishana, wakafuta maua wakachonga upya bila kunidai hata senti. Walitaka na kuipiga picha waiposti, nikakataa, watoto wa malezi ya kambo hawaanikwi hovyo, wakaelewa.

Nawapa nyota 4. Hiyo moja nimeibana kwa sababu ya lile neno, maana siku yenyewe yule mdogo alipopewa ashike ngao hakuangalia kitu kingine, alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akalikuta jina lake, akakiacha hapohapo.