Mafuta ya Kukaangia: Yapi Tununue kwa Ajili ya Mishipa ya Damu

Kabla hujashika chupa dukani, jiulize mafuta hayo yatapata moto kiasi gani. Yakifika nyuzi 180, joto la kukaangia kwa mafuta mengi, hewa huyavunja haraka. Yenye asidi ya linoleiki (aina ya asidi ya mafuta) kwa wingi ndiyo huwahi kuharibika, na hapo hutoka aldehaidi, yaani kemikali zinazoweza kudhuru mwili, kama hidroksinonenali na akroleini. Katika majaribio ya maabara, hidroksinonenali hunasa kwenye protini za seli zilizotandaza ukuta wa ndani wa mshipa. Nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa damu ipite vizuri, hupungua.

Namba moja naiweka zeituni isiyosafishwa kiwandani. Asidi yake ya oleiki, aina nyingine ya asidi ya mafuta, ni kati ya asilimia 55 na 83, nayo huhimili hewa na moto kuliko linoleiki. Humo pia mna polifenoli, viambato vya asili vya mmea vinavyochelewesha kuharibika.

Ya pili ni alizeti yenye oleiki nyingi. Soma lebo kwa makini: kama haikutaja oleiki, hiyo ni alizeti ya kawaida hata ikichorwa moyo mwekundu. Kwa kukaanga kwa mafuta mengi, mimi ningechukua hii.

Ya tatu, karanga. Oleiki ipo, ila linoleiki nayo si haba.

Nazi na mawese zinanipa shida kuzipanga. Motoni ni imara kweli, aldehaidi hizo ni chache. Lakini mafuta ya nazi ni asilimia 90 hivi mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, na kolesteroli hiyo huumiza mishipa ileile tunayoilinda. Nimeziweka nafasi ya nne, za kutumia mara mojamoja.

Mwisho ni alizeti ya kawaida, mahindi na soya. Kwenye kachumbari ni mazuri na hushusha kolesteroli. Kwenye karai la moto mkali, yaache. Ya kitani usiyapashe kabisa.

Msidanganywe na joto la kutoa moshi. Mafuta yaliyosafishwa huchelewa kufuka, huku aldehaidi zikijitengeneza kimyakimya.

Tena, hata ya namba moja yakirudiwa karaini mara nyingi huharibika. Yakitoa povu lisilotulia, yakinata vidoleni au yakinuka ukakasi, mwaga. Pia, nunua chupa ndogo, ya rangi nyeusi, uiweke mbali na jiko.